Mtangulizi Kutoka Juu: Kamba ya Maka

Kikafumbua jicho.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, nanyi mkakasirika mkaandika barua. Mwalimu mmoja mstaafu anauliza kwa nini chombo cha angani kishuke nje ya Balambala badala ya kushuka Nairobi kwenye watu wa maana. Jibu ni rahisi, mwalimu. Kilipita Nairobi kikakosa pa kuegesha. Sasa tuendelee.

Kwa aliyechelewa, mambo yako hivi. Chombo chenyewe si kikubwa. Kinalingana na pipa la maji lililolazwa, hakina mlango wala mabawa. Kilianguka siku tatu zilizopita katika kambi ya wafugaji wa ngamia, mashariki ya Balambala, na tangu siku hiyo kila mwenye cheo amekuja kukipigia kelele. Kimewanyamazia wote. Mara moja tu, juzi, kilitoa sauti ya tone la maji likidondoka kisimani. Kambi nzima ilicheka. Jelle hakucheka. Jelle alipanda pikipiki akaenda kumwita afisa wa serikali, naye akaja akakifunga minyororo.

Huyu Jelle mkumbukeni. Ni mdogo wake Ogle, Ogle ni mume wa Maka, na Ogle ndiye aliyepotea. Siku saba zilizopita alitoka kwenda kutafuta maji na malisho kabla kambi haijahama, kazi ya mtangulizi, na Jelle akampakia kwenye pikipiki amsogeze. Jelle alirudi peke yake. Alisema kaka yake amedandia lori la Bute, na huko Bute kuna mjane mwenye maduka mawili. Watu waliamini kwa raha zao, maana umbea wa ndoa hauombi ushahidi. Maka peke yake hakuamini. Mume wake aliondoka na kandambili zilizoungwa kwa waya, na hakuna mwanamume anayekwenda kuposa na kandambili za waya.

Leo kambi inahama. Bwawa limekauka, mizigo inafungwa, na Jelle ameamua waelekee mtoni, kisha Garissa sokoni, ambako ngamia madume kumi wana mnunuzi anayewangoja. Kambi ikishahama, hakuna atakayerudi nyuma kumtafuta mtu anayesemekana yuko fungate. Kama Ogle ameanguka mahali, atafia hapo hapo. Ndiyo maana Maka, baada ya kuwasihi wanaume wote wenye masikio, alikiendea kile chombo akakiwekea mkono. Mkono wa kushoto, tena, kwa kuwa Maka ni wa kushoto tangu kuzaliwa na amechoka kusemwa.

Basi kikafumbua jicho.

Lilikuwa jicho jeusi, pana kama kifuniko cha sufuria, limejaa vumbi. Likamtazama Maka. Kisha likamgeukia afisa.

Afisa alifanya alichofundishwa.

"Kitambulisho," alisema.

Mtu wa huku ameulizwa kitambulisho mara nyingi kuliko alivyoulizwa hali, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Hawezi kuwa nacho," alisema Diriye.

"Kama hana, ni mgeni asiye na karatasi. Nina fomu." Alikuwa nayo kweli. Akaijaza akiwa amesimama: jina, halijulikani, jina la baba, halijulikani, jina la babu, halijulikani, mahali pa kuzaliwa, juu.

Diriye alimsogeza pembeni kwa adabu. Huyu ni kijana wa Garissa mjini, mtaalamu wa vyombo vya angani, cheo alichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyekigombania. Ana wafuasi elfu nne mtandaoni, na wote aliwaahidi muujiza kabla ya Ijumaa. Alitoa tochi akaiwasha mara mbili, mara tatu, mara tano, mara saba.

"Hisabati ndiyo lugha ya ulimwengu," aliiambia simu yake iliyokuwa ikimrekodi. "Sasa atanijibu kumi na moja."

Ilikuwa saa saba mchana. Chombo kilitazama tochi, kikatazama jua, kikanyamaza.

"Hiki ni chombo kidogo cha upelelezi," Diriye aliendelea, maana mtaalamu akishindwa kuuliza hugeukia kueleza. "Mama yake yuko juu kabisa, mkubwa kama mji. Yeye hashuki. Anatuma hivi vidogo viwili viwili, vichungulie nchi, virudi na habari."

Maka aligeuka. "Rudia hapo. Huyu ametumwa atangulie?"

"Ndiyo, eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima.

"Aangalie maji yako wapi, watu wako wapi?"

"Maji, watu, kila kitu."

"Na wenzake wako huko wanamngoja."

"Ndivyo tunavyoamini sisi wataalamu."

"Basi mna laana," Maka alisema. "Siku tatu mmemwacha mtangulizi juani, tena kwenye minyororo, na hakuna aliyempa hata maji."

Kuna jambo ambalo wasomaji wangu wa mjini hawalijui, nami nitalisema mara moja tu. Mfugaji anaweza kugombana na jirani yake hadi wakatoana damu, lakini mtangulizi wa yule jirani akipita kwake humpa kivuli, humpa maziwa, kisha humwuliza habari, na habari hupokewa kwa ukweli. Ukimdhulumu mtangulizi leo, kesho wako hatarudi. Maka alikuwa na wake ambaye hajarudi. Alimtazama huyu wa chuma akaona kuna mtu mahali fulani, sijui ana macho mangapi, anakodolea upeo wa mbingu na kuhesabu siku.

"Dumaashi," Jelle alimwita, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuulizia taratibu za kumrithi shemeji yake. "Jua linakwenda. Acha afisa apakie takataka yake, sisi tuhame."

"Lori si hili hapa? Apakie."

Afisa alikohoa. Lori lilikuwapo, lakini dereva alikuwa amedandia bodaboda kwenda Balambala kutafuta chakula cha mchana, na funguo zote, za lori na za kufuli la minyororo, zilikuwa mfukoni mwake. Operesheni nzima ya kukamata viumbe wa anga za juu ilikuwa inangoja nyama iive.

Maka hakungoja. Aling'oa mkeka mkubwa juu ya mzigo uliokwisha kufungwa, akautandaza juu ya miti miwili, chombo kikawa kivulini.

"Mama, hiyo ni mali ya serikali," afisa alisema.

Kwa Kisomali Maka husema anavyotaka. Kwa Kiswahili husema anachoweza, na kinatosha. "Serikali ngoja kidogo. Hii mgeni imechoka. Serikali imekula, mgeni hajakula."

Akachota maji ya mwisho ya kambi, akalowesha ncha ya mtandio, akalipangusa lile jicho taratibu mpaka likang'aa. Maafisa, wataalamu na simu zao, siku tatu nzima, na hakuna aliyefikiria kumpangusa uso. Kisha aliweka chini kibuyu cha maziwa ya ngamia, akaketi mbele yake kama anavyoketi mtu mbele ya mtu.

"Ma nabad baa?" aliuliza. Ni amani?

Jelle alicheka. "Anahoji pipa."

"Nyinyi mmemwuliza yeye ni nani," Maka alisema bila kugeuka. "Mtangulizi haulizwi yeye ni nani. Huulizwa ameona nini." Akakisogelea zaidi. "Umeona majani wapi? Umeona maji wapi? Njiani umemwona nani?"

Afisa aliangalia saa. Diriye alizima tochi kwa huruma.

Kisha chombo kikatoa habari.

Kwanza ulikuwa upepo. Halafu pikipiki ikizimwa. Halafu jiwe likiviringika na kutumbukia majini.

"Maji yapo," ilisema sauti ya mwanamume kutoka chini sana, ikijirudia kwenye kuta. "Tena matamu. Jelle, nivute."

Maka aliweka kiganja kinywani. Ilikuwa sauti ya Ogle.

"Jelle. Kamba."

"Kaka," ilijibu sauti ya pili, na kila mtu kambini aliijua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwaamrisha tangu asubuhi. "Wale madume kumi. Bado unasema hawauzwi?"

"Nivute kwanza, tuzungumze."

"Tuzungumze kwanza."

"Hawauzwi, Jelle. Ni ngamia wa mama."

Kitu kizito kikaanguka, Ogle akalia kwa maumivu, kamba ikakwaruza kuta ikivutwa juu, na pikipiki ikawashwa. Sauti yake ikapungua, ikapungua, ikabaki ya tone la maji. Tone. Tone. Lile lile walilolicheka juzi.

Watu wote wakamgeukia Jelle.

Sasa, mtu mwingine angepiga magoti. Jelle alitabasamu. Nimeandika juu ya waongo wengi katika gazeti hili na wengine wamenishtaki, lakini huyu ana kipaji.

"Jamani, si mnajua kompyuta za siku hizi?" alisema. "Inaiga sauti ya mtu yeyote. Hii mashine imetusikiliza siku tatu, sasa inatugombanisha. Mwulizeni msomi wenu."

Msomi akajikuna. "Kitaalamu inawezekana. Mimi mwenyewe nimewahi kutengeneza mtangazaji wa mpira akinisifu."

"Ushahidi wa sauti hupelekwa maabara Nairobi," afisa alisema kwa faraja, maana alikuwa amepata utaratibu. "Kama miezi sita hivi. Mpaka hapo, huyu ni raia mwema."

Na wanaume wa kambi, mtaniamini nikiwaambia, walitikisa vichwa. Kompyuta bwana. Huwezi kuiamini. Mmoja akarudi kukaza mzigo wake. Ukweli ulikuwa umewaketia mapajani, nao wakausukuma wapate kuhama mapema.

Maka aliinuka. Hakumwendea Jelle. Aliiendea pikipiki.

Ilikuwa tayari kwa safari: madumu mawili, godoro moja, na sanduku la chai, vyote vimefungwa kwa kamba ngumu ya magome ya mgunga. Wanawake ndio wanaosokota kamba hizi, jioni hata jioni, juu ya paja. Mwanamke wa mkono wa kulia husokota kulia. Katika kambi ile wanawake wote ni wa mkono wa kulia, ila mmoja.

Maka alishika ncha ya kamba akaipitisha vidoleni.

"Hii umetoa wapi?"

"Kamba ni kamba," Jelle alisema.

"Imesokotwa kushoto. Pima ishirini. Niliimaliza usiku wa kuamkia safari, na Ogle aliondoka nayo begani, mkiwa mnatazama nyote." Alianza kuifungua, fundo kwa fundo. "Haya, wasomi. Kompyuta inasokota kamba?"

Hata afisa alikunja fomu.

Hapo ndipo unapomjua Jelle hasa. Angeitupa ile kamba njiani, leo angekuwa mkuu wa kambi na bwana harusi mtarajiwa. Lakini ilikuwa kamba nzuri, mpya, ya bure. Kumtupa ndugu yake hakukumshinda. Kamba ndiyo iliyomshinda. Za mwizi ni arobaini. Jelle alijipunguzia zikawa saba.

Hooyo Sahro, mama aliyewazaa wote wawili, alikuwa ameketi pembeni tangu asubuhi. Alijikongoja kwa fimbo yake akampita Jelle kana kwamba anapita kichaka. Alifika kwenye chombo, akakiinamia, akaita kwa sauti ile ile aliyomwitia mwanawe tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

"Ogle."

Tone. Tone.

"Hooyo?"

Sahro aliketi chini kwa kishindo.

"Hiyo si rekodi," Diriye alinong'ona. "Viko viwili. Nilisema hutumwa viwili. Mwenzake yuko kule kisimani tangu wiki iliyopita, wanapelekeana sauti." Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesema jambo la kweli, na simu yake ilikuwa imeishiwa chaji.

"Hooyo, ni wewe?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa hai. "Niko kwenye visima vya zamani, chini ya kilima cha mawe mekundu. Kiu sina. Njaa ndiyo, na mguu umevunjika. Na kuna kitu kinanichungulia kutoka huko juu, kama jicho. Nimekisomea aya zote ninazozijua, hakiondoki."

"Usikifukuze," Maka alisema, naye sasa analia waziwazi, kamba imemjaa mikononi. "Huyo ni mtangulizi mwenzako. Ogle, tunakuja."

"Maka. Msimpige Jelle."

"Nini?"

"Ni mtoto yule. Alikuwa ananitisha tu. Nilijua akipoa atarudi."

Kuna watu wema hadi wanaudhi. Siku saba ndani ya shimo, mguu umevunjika, na bado anamtetea. Maka alifungua kinywa kumjibu, lakini jicho lilikuwa limeanza kufifia, na nyuma yake kitu kikanguruma.

Ilikuwa pikipiki.

Madumu yaliporomoka, godoro likaanguka, sanduku la chai likapasuka, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuvishikilia. Jelle hakugeuka. Na hakuelekea Balambala, wala barabara ya Garissa, wala popote mtu mwenye hatia anapokimbilia. Alielekea mashariki, kwenye kilima cha mawe mekundu.

"Simama," afisa aliamuru, baada ya vumbi kutua. Akatoa kalamu aandike namba ya pikipiki. Haikuwa na namba. Akapanda juu ya kichuguu, ambako mtandao hupatikana, akampigia dereva. Dereva alipokea vizuri sana, akasalimu, akasema nyama bado iko jikoni.

Maka alikuwa amekwisha kujitwika kamba begani na kushika dumu moja kati ya yale yaliyoporomoka, lenye maji ya kutosha mtu mmoja. Ngamia wa kule hubeba mizigo, hawabebi watu, na mzigo wake haukuwa wa kungoja ngamia afungwe. Angekwenda kwa miguu. Ni mwendo wa saa tatu kwa anayetembea. Kwa anayekimbia ni mbili, kama moyo utakubali. Kwa pikipiki ni nusu saa, na zaidi ya hapo uwe umeshuka kujisaidia.

Aliposema bismillahi na kupiga hatua ya kwanza, alisikia chuma kikianguka.

Minyororo ya afisa ilikuwa chini. Kufuli lilikuwa wazi, halijavunjwa, na ufunguo ulikuwa bado Balambala unangoja chakula. Siku tatu zote kile chombo kingeweza kuondoka. Kilikuwa kimekaa kwa adabu tu, kama mgeni ambaye bado hajaulizwa habari.

Kikainuka kufikia magoti ya mtu, kikatikisa vumbi, kikaelea mashariki. Hatua hamsini. Kikasimama. Kikamngoja.

"Kinatuongoza," alisema Diriye.

"Kinaniongoza mimi," Maka alijibu. "Wewe hujui njia ya kwenda popote." Akakimbia.

Alikimbia kwa nusu saa. Nyuma yake walikuja wanawake watatu, kisha Diriye na viatu vyake vipya, kisha, kwa mbali na kwa aibu, wale wanaume waliotikisa vichwa. Mbele yake chombo kilielea, kikasimama, kikaelea. Na mawazo yake yote yalikuwa kwenye hesabu moja ambayo haihitaji tochi. Kumtoa mtu kisimani kunahitaji kamba, na kamba alikuwa nayo yeye. Kumzika humo kunahitaji mawe tu, na kwenye kilima kile mawe hayana mwenyewe.

Lile jicho likawaka tena.

"Maka?" Ilikuwa sauti ya Ogle, na safari hii ilikuwa na nguvu. Ilikuwa na furaha, furaha hasa. "Maka, unanisikia? Nasikia pikipiki inakuja."

Maka alilitupa chini lile dumu, akakikimbilia chombo, akakishika kwa mikono miwili. "Ogle, nyamaza. Usimwitikie. Ogle."

"Si nilikwambia?" Ogle alisema. Kisha akapaza sauti, si kwa mkewe tena bali kule juu, kwenye mdomo wa kisima, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. "Jelle. Niko huku, mdogo wangu. Niko hai."

Na jicho likajifumba.